Mbwa wa Bwana Kofia

Mume wangu Djuma ni Mwislamu wa Kasongo, wa wale wanaoosha sufuria mara saba mbwa akipitisha ulimi. Tangu anioe sijamwona akimgusa mbwa. Jirani akija na wa kwake, Djuma anavuka barabara. Basi niambie, mtu wa namna hiyo ana sababu gani ya kumchora mbwa kila wiki kwa miaka ishirini na miwili?

Mji wa Kindu haujajiuliza. Mimi nimejiuliza kila Jumatatu, maana Jumatatu ndiyo siku anayobandika karatasi mpya kwenye mlango wa karakana yake, hapa mtaa wa Kasuku. Kazi yake ni kuandika mabango ya maduka ya dawa, saluni na makanisa, lakini karatasi ile si bango. Ni katuni ya visanduku vinne. Ndani yake kuna mtu mfupi anayeitwa Bwana Kofia, mwenye kofia pana na macho ya kutoka nje, anayeogopa kila kitu: filimbi, mbuzi, mwavuli unaofunguliwa ghafla. Ubavuni mwake kuna mbwa mwembamba asiye na jina, asiyetoa sauti, aliyefungwa kitambaa shingoni. Waendesha baiskeli wanaobeba mafuta ya mawese husimama kusoma, wakacheka mpaka mzigo unalalia upande mmoja, kisha wakaendelea na safari.

Mimi sicheki. Mimi naangalia kitambaa.

Nashona nguo tangu nikiwa msichana wa miaka kumi na sita, na kikwembe, yaani kitenge, nilichokivaa mwilini nitakitambua hata kikichorwa kwa wino mweusi. Samaki wadogo wanaofukuzana kwenye duara: hicho ni kikwembe changu. Nilikiacha nyumbani mwaka ule wa vita nilipovuka mto kwenda Kalima kumzika mama yangu. Nilisema nitakaa siku tano. Siku ya nne mji ukazingirwa, njia zikafungwa, na aliyekuwa nje ya Kindu akabaki nje. Nilikaa Kalima miezi kumi na minne nikitia viraka kwenye suruali za wachimba madini ya kasiterite, huku Djuma amebaki mjini na binti yetu Naomie, mwenye miaka sita.

Niliporudi niliwakuta hai, wamekonda, na Djuma ana mikono inayotetemeka. Nikauliza nani alikuwa akiwapikia. Akasema waliishi tu. Nikauliza kikwembe changu kiko wapi. Akatazama chini, akasema kiliisha. Sasa kikwembe si chumvi. Kikwembe hakiishi, kinahama, na kikihama kinakwenda kwenye kiuno cha mtu.

Majirani walinisaidia kukitafuta kiuno chenyewe. Walinieleza, bila mimi kuwalazimisha sana, kwamba Françoise, mjane wa ua wa pili anayeuza samaki, ndiye aliyekuwa akiwapelekea vichwa vya samaki wakati wa njaa ile. Vichwa vya samaki. Wanawake wenzangu, mnajua mambo haya yanavyoanza. Kuanzia siku hiyo sikununua tena samaki kwa Françoise, na salamu yangu kwake ikawa ya nusu mdomo.

Miezi michache baadaye Djuma akabandika katuni ya kwanza. Nilipouona ule mchoro wa samaki kwenye shingo ya mbwa, nilijua. Mume wangu alikuwa akimchora mwanamke yule mbele ya mji mzima, amemvisha nguo yangu, na mji unacheka. Kila karatasi mpya ilipobandikwa, ya zamani niliichukua na kuiweka kwenye kantini, lile sanduku la bati lililoko chini ya kitanda. Djuma alidhani nazihifadhi kwa mapenzi. Nilikuwa naweka ushahidi.

Mwaka huu, mwezi wa tatu, ikaja barua ya Naomie.

Naomie ni muuguzi. Ana miaka ishirini na tisa, na anafanya kazi kwenye kituo cha afya cha mtaa wetu. Barua ilisema amechaguliwa kwenda Punia kusimamia wodi ya wazazi, na kwamba jibu linatakiwa ifikapo Ijumaa ya wiki ile. Nilipiga kigelegele peke yangu. Naomie aliikunja barua mara nne, akaiweka chini ya redio, akasema haendi. Nikauliza sababu. Akasema Punia ni mbali.

Haikuwa mara ya kwanza. Alipomaliza shule alipata nafasi ya kusoma Kisangani, akasema Kindu panatosha. Kijana mmoja mzuri, Aimé, alimtaka kwa heshima zote. Alipotaja kwamba wangehamia Bukavu, Naomie akamrudishia maneno yake siku hiyohiyo. Binti mwenye akili anakataa shule, anakataa mume, anakataa cheo, halafu mama yake asishuku? Kwanza nilishuku ana mume wa mtu. Nikapekua simu yake, nikakuta mafunzo ya chanjo. Nikanusa nguo zake kabla ya kuzifua. Siku ya Jumatatu nilimfuata kwa mbali baada ya kazi, nimejifunika kitenge usoni kama mwizi wa kuku. Alitoka kituoni, akaenda moja kwa moja kwenye karakana ya baba yake, wakarudi nyumbani pamoja, yeye nyuma kidogo, upande wa kushoto. Kama kila siku. Nilirudi nimeudhika kwa kutoona kitu.

Jumanne Falone akaja kuchukua libaya yake, blauzi ya kitenge, niliyomshonea. Falone ni mwanamke wa Bukavu aliyeletwa kuzungumza na watu ambao vita viliwaachia woga. Anapita mtaa kwa mtaa, anakaa na watu, anasikiliza. Mimi mtu ambaye kazi yake ni kusikiliza siri simwamini haraka, na nilikuwa nimemshonea wiki mbili bila kumwambia hata jina la baba yangu. Lakini siku ile nilikuwa nimechoka kushuku peke yangu. Tena Falone hakuwa na shangazi hata mmoja Kindu wa kumpelekea habari. Nikaivuta kantini mpaka kwenye meza ya kukatia nguo, nikaifungua, nikamwambia: wewe umesoma, nitafutie humu huyu mwanamke ni wa namna gani.

Alianza kwa kucheka kama wote. Alifika karatasi ya kumi, kicheko kikapungua. Kwenye ya thelathini alikuwa anazipanga mezani, moja chini ya nyingine, na nikaanza kujuta kwamba nimemfungulia.

"Mama Albertine," akaniita kwa jina langu, "hii imbwa haiko inacheza. Iko kazini."

Nikamwambia mbwa wa kulinda tunawajua hata sisi. Akatikisa kichwa. Akaeleza kwamba katika nchi nyingine kuna mbwa wanaofundishwa kumsindikiza mtu mwenye woga mkubwa, kama vile kipofu anavyoongozwa. Mbwa huyo anausikia woga kabla mwenyewe hajausikia. Mtu akianza kutetemeka, mbwa anamlalia miguuni ili akumbuke yuko wapi. Kwenye umati anasimama nyuma yake ili mtu asimkaribie asikokuona. Akiota vibaya anamwamsha. Hapigwi, hachezewi, kwa sababu ana kazi.

Nilidhani ananizuga. Mbwa kuwa muuguzi, hiyo ni hadithi ya watu walioshiba. Lakini kidole chake kilikuwa kinapita juu ya karatasi za mume wangu, na kila alichokisema kilikuwa pale. Bwana Kofia yuko sokoni, mbwa yuko nyuma yake, kushoto. Redio inapiga kelele, mguu wa mbwa uko juu ya mkono wa Bwana Kofia. Mwavuli unafunguka kwenye kisanduku cha tatu, lakini mbwa amekwisha kulala juu ya viatu vyake tangu cha pili. Wiki baada ya wiki, mwaka baada ya mwaka, nilikuwa nimeangalia shingo tu.

Falone akarudisha karatasi ndani kwa adabu. Alisema jambo moja zaidi kabla ya kuondoka: kwamba katika zote alizozitazama hakumwona mbwa yule akila hata mara moja. Kisha akaniuliza ni nani nyumbani anayejua jinsi ya kumtuliza Baba Naomie. Nikamjibu kwamba mume wangu hana shida yoyote, mikono inatetemeka tu. Aliniangalia kama ninavyowaangalia wateja wanaosema hawajanenepa.

Jumatano mchana tulikaa watatu kula, wali na sombe, majani ya muhogo. Nilikuwa nimeamua kutosema, kuangalia tu. Barabarani tairi la pikipiki likapasuka, paa. Nilimtazama Djuma usoni, na hapo nilikuwa nimekosea tena, maana jambo halikuwa usoni. Lilikuwa chini ya meza. Naomie alikuwa amekwisha kusogeza mguu wake, ameuweka juu ya mguu wa baba yake, ameukandamiza. Hakuinua macho. Mkono wake mmoja ulikaa kwenye kifundo cha mkono wa baba, na mdomo wake ukaanza kueleza habari ya mama mmoja aliyejifungua mapacha asubuhi ile, polepole, kwa sauti ileile, mpaka kijiko cha Djuma kikaacha kugonga sahani. Djuma akala. Wali wa Naomie ukapoa. Alipomaliza kumlisha baba yake utulivu, alisimama, akasema amechelewa kazini, akaenda bila kula.

Nilikuwa nimeona mguu ule mara ngapi? Mara elfu. Nilikuwa nikiuita mapatano. Nilikuwa nikisema moyoni: hawa wawili wana siri yao, wananifungia nje. Niliona wivu kwa mtoto wangu mwenyewe, na ninalisema hili wazi kwa sababu lilinichoma na bado linanichoma.

Kisha hasira ikapanda, maana mimi huzuni hainikai muda mrefu bila kugeuka moto. Nilikwenda karakanani hata kitambaa cha kichwa sikufunga. Djuma alikuwa juu ya kiti akimalizia herufi za bango la kinyozi.

"Mutoto yangu ulimufanya imbwa," nikamwambia.

Kwetu ukimwita mtu mbwa umemtukana yeye na ukoo wake. Na huyu, anayeosha sufuria mara saba, amemchora binti yake mbwa, amembandika mlangoni, baiskeli zinasimama kumcheka. Nilimwambia hayo yote na mengine ambayo siyaandiki. Djuma alishuka kwenye kiti. Alifunga kopo la rangi, akafuta brashi, akafunga mlango, na kwa mara ya kwanza tangu nirudi kutoka Kalima akanisimulia mwaka ule.

Siku moja, alisema, wanaume wa mtaa walikamatwa kubeba mizigo ya wanajeshi. Jioni walipangwa kandokando ya reli, risasi zikapigwa juu ya vichwa vyao, wapigaji wakicheka. Walipoachiwa, wengine walikimbia. Yeye alibaki amesimama mpaka giza, miguu imekataa. Tangu hapo hakuweza kutoka nje ya mlango. Maji yakaisha, chakula kikaisha. Asubuhi ya tatu Naomie alimshika mkono, akamwambia wanakwenda kisimani, na kwamba yeye atatazama nyuma, baba atazame mbele tu. Wakaenda. Wakirudi askari akapiga kelele, Djuma akaganda, na mtoto akasimama na viatu vyake vyote viwili juu ya mguu wa baba yake mpaka akaweza kutembea. Hivyo ndivyo walivyoishi miezi yote ile. Vichwa vya samaki vya Françoise vilikuwa vichwa vya samaki.

Nikauliza kikwembe. Sikuweza kujizuia.

"Alikuwa anajifunga nacho mu shingo," akasema, "hata mu joto. Anasema iko na harufu ya mama. Kikachakaa pale pale, mpaka kikabaki nyuzi. Nilikuambia kiliisha."

Nikakaa juu ya kopo la rangi. Nikamuuliza kwa nini mbwa, kwa nini asimchore mtoto. Djuma alijibu akiwa ameelekea ukutani.

"Mutu mukubwa anaongozwa na mutoto, watu wasingecheka. Wangeniuliza. Imbwa, hakuna mutu anaiuliza kitu. Na mimi njo nilikuwa najisi, Mama Naomie, si yeye. Sikujua namna ya kumushukuru."

Nilimwambia ajue kwamba shukrani yake inamfunga binti hapa kama kamba, na kwamba Ijumaa ni kesho kutwa. Alisema anajua. Alisema kila barua ilipokuja, ya shule, ya Aimé, alitaka kumwambia aende, na kila mara mguu ukaja juu ya mguu wake kabla hajafungua mdomo.

Jioni ile nilimkalisha Naomie jikoni, nikamwambia nimekwisha kujua, na kwamba Punia ataenda.

"Na Baba atabaki na nani?"

Nikamwambia atabaki na mimi.

"Wewe?" akasema. Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniumiza. "Mama, yeye akitetemeka, wewe unamuuliza anaficha nini."

Ni kweli. Kila mikono ya Djuma ilipoanza, mimi nilikuwa nikidhani ni dhamira inamshtaki juu ya Françoise, nikamkaba kwa maswali. Miaka ishirini na miwili mtoto wangu amesimama kati yake na kelele, na kelele mojawapo ilikuwa mimi. Nikamwambia basi anifundishe.

Alinifundisha kama anavyowafundisha wauguzi wapya, bila kubembeleza. Usimuulize yuko sawa. Mweleze jambo dogo lisilo na maana, mwendo uleule. Sokoni kaa nyuma, kushoto, kwa sababu sikio lake la kushoto ndilo linaloshtuka. Mguu uukandamize, usiupapase. Alhamisi nilikwenda na Djuma sokoni nikaharibu mara mbili, mara ya tatu nikafaulu, mbele ya meza ya Françoise, watu wamejaa. Kwa kuwa nilikuwa pale na lazima niseme jambo dogo lisilo na maana, nilimuuliza Françoise habari ya samaki wake. Alinitazama kwa mashaka makubwa, na alikuwa na haki. Nilinunua wanne.

Ijumaa asubuhi Naomie alipeleka jibu la ndiyo. Wiki iliyofuata tulimsindikiza kwenye kivuko. Pikipiki ya kumpeleka Punia kwa njia ya Kalima ilikuwa inamngoja ng'ambo, Alunguli. Tulipatana kuagana upande wetu, maana Djuma hajavuka mto tangu vita, na hakuna aliyetegemea avuke. Mimi nilisimama nyuma yake, kushoto, tayari. Moyo wangu wote ulikuwa kwenye miguu ya mume wangu. Injini ya mtumbwi ikawashwa kwa kishindo, nikamkandamiza, nikaanza kueleza habari ya vifungo vya libaya. Alikuwa mtulivu. Hakuwa hata ananisikiliza.

"Angalia mikono ya Naomie," akasema.

Binti yetu alikuwa amekaa katikati ya mtumbwi, begi magotini, na begi lilikuwa linaruka. Mimi sikuwa nimeona. Djuma aliona kabla halijaanza, kwa sababu yeye anaujua mtetemo ule unatokea wapi. Alitoa mguu wake chini ya wangu, akaingia majini na suruali yake, akapanda mtumbwi, akakaa pembeni yake. Mwenye mtumbwi akasukuma. Nikabaki ufukweni na maneno ya vifungo mdomoni.

Alirudi alasiri, suruali imemkaukia miguuni na matope. Nilikuwa na maswali kumi na mawili na sikuuliza hata moja. Nikamwekea chakula, nikakaa. Alikula nusu, kisha akasema mwenyewe.

"Alilia mpaka ng'ambo. Na kule Alunguli akalia tena. Nilimuacha alie. Tangu siku ile ya kisima sikumuona analia."

Nikataka kumwambia si kweli, mtoto hulia. Nikatafuta. Nilitafuta siku ya kuvunja ungo wake, siku alipomrudishia Aimé maneno, malaria zake, mazishi ya shangazi yake aliyempenda, mitihani. Nilitafuta mpaka wali wa Djuma ukapoa. Tangu niliporudi kutoka Kalima mtoto wangu hakuwa amelia mbele yangu hata mara moja, na mimi niliyeshuku kila kitu ndani ya nyumba ile, mpaka mbwa wa karatasi, hilo sikuwahi kulishuku.